Waliochangia Ziwa Moja

Jumapili, 3 Agosti 2025

Wageni wameondoka saa kumi na moja. Posa imepokelewa. Nikaha ya Nasrin wangu na Anwari ni Ijumaa tarehe 12 Septemba, inshallah. Nasrin anaosha vyombo huku anaimba, mtoto ambaye siku zote akiambiwa aoshe kikombe anaumwa mgongo.

Mimi mkono umeungua. Nimemwaga chai. Birika zima, juu ya zulia la kuazima, mbele ya wakwe! Wamesema ni furaha ya mama. Selemani, mume wangu wa ndoa, akasema ni uzee. Wote wamekosea.

Ilikuwa hivi. Shangazi yake Anwari, Bi Mwanaidi, ndiye aliyemlea huyo kijana tangu mama yake afariki. Mwanamke wa maneno. Kaniegemea begani ananisifia mkwe. Anwari haumwi, anasema, hata mafua hayajui. Na sababu anayo: mama yake alipata jipu la ziwa, mtoto akiwa mchanga kabisa, akanyonyeshwa na jirani yao wa Sokomatola kule Mbeya. Mnyakyusa. Mama Anyelwisye! Ana maziwa yule mwanamke, dada, mwache tu.

Hapo ndipo birika lilipoanguka.

Kwa sababu Mama Anyelwisye wa Sokomatola ndiye aliyemnyonyesha Nasrin wangu mwaka 1996, nilipolazwa homa ya matumbo. Wiki sita. Familia ya Anwari ilikuwa imeshahama pale, sisi ndio kwanza tumepanga, wala hatukukutana. Sasa tumekutana.

Na waliochangia ziwa moja ni ndugu. Ndugu hawaoani. Hili linajulikana hata na mtoto wa juzuu ya kwanza.

Hakuna mwingine aliyesikia. Nasrin alikuwa jikoni. Selemani anasikia kwa sikio moja, na sikio hilo alikuwa amelielekeza kwa Mzee Abdul, baba yake Anwari, wanazungumza bei ya mahindi.

Ya Rabi.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimemwambia Selemani baada ya alfajiri. Nilidhani amerudi kulala. Kisha akasema ulichokisikia peke yako, kimeze peke yako. Akavuta shuka.

Kumeza! Ningekuwa najua kumeza maneno ningekuwa nimenenepa.

Nasrin amerudi Kilolo shuleni kwake, anafundisha jografia. Nikabaki na simu. Hii simu alininunulia yeye Idi iliyopita, akaniwekea kila kitu, akanionyesha pa kuandika nikitaka kujua jambo. Mama, unagugo tu. Basi nikagugo. Mimi nimekuwa mpiga chapa wa serikali miaka kumi na moja, maneno hamsini kwa dakika, siwezi kushindwa na kidirisha.

Nimeandika hivi, nanakili: Asalam aleikum naomba kuuliza watoto waliochangia ziwa moja mmoja wa kike mmoja wa kiume miaka imepita ishirini na tisa je wanaweza kuoana au haiwezekani kabisa ahsante.

Nikaletewa Ziwa Nyasa.

Naapa. Nchi zinazochangia ziwa moja. Mpaka upite katikati ya maji au ufukweni? Nimesoma yote, mpaka chini. Kuna ramani. Baada ya hapo nikaletewa dagaa, namna ya kuwakausha. Nimekaa saa nzima nikielimika mambo ambayo hayamhusu mwanangu hata kidogo.

Nikabadilisha. Nikaandika sheria ya kunyonya. Hapo nikaletewa mabepari! Unyonyaji, makabaila, kupe, mirija. Nilidhani nimerudi darasa la tano naimba mchakamchaka. Wanyonyaji wote wa nchi hii wamo humo ndani, isipokuwa wawili ninaowatafuta.

Nimezima. Jicho linauma.

Jumatano, 6 Agosti

Leo nimefika mahali panapohusu. Niliongeza neno Uislamu, nikaongeza mtoto. Mashehe wakaja kwa foleni.

Wa kwanza: haramu. Wa pili: haramu. Wa tatu kijana, ana kofia nzuri, nikampa matumaini yangu yote. Haramu.

Sasa niandike ukweli, maana hapa hasomi mtu. Nilikuwa sitafuti jibu. Natafuta jibu zuri. Kila nikijibiwa hapana nabadilisha swali, kama mtoto anayeomba hela kwa baba akikataliwa anakwenda kwa mama. Nimeandika ruhusa ya ndugu wa kunyonya kuoana. Nimeandika ndugu wa kunyonya kuoana kwa dharura. Saa nane mchana, Mwenyezi Mungu anisamehe, nimeandika faida za kuoa ndugu wa kunyonya. Nikaletewa faida za kunyonyesha. Mtoto hapati kuhara.

Lakini kwenye kukataliwa huko nimeokota kitu. Shehe mmoja mzee, anaongea polepole, anasema kwa madhehebu yetu lazima iwe mara tano, kila mara mtoto anyonye mpaka aridhike mwenyewe, na awe hajatimiza miaka miwili. Chini ya tano, hapana udugu.

Tano!

Nasrin wiki sita, huyo hesabu yake imekwisha, hata nikikesha haipungui. Lakini Anwari? Jipu laweza kupona kwa siku moja. Labda alinyonya mara moja. Labda mara tatu, tena bila kushiba. Kila kitu kinamtegemea Anwari, na anayejua Anwari alinyonya mara ngapi ni mtu mmoja tu duniani.

Nimempigia Bi Mwanaidi, najifanya nauliza habari za sare. Nikapenyeza. Akasema alinyonya mara moja, mara ishirini, nani alihesabu, yeye wakati huo alikuwa Songea na habari yote alisimuliwa na marehemu. Akina Mama Anyelwisye walihamia Rujewa, mumewe alipata kazi kwenye mashine ya mpunga. Saulo yule, dereva. Nikauliza mke wake jina lake nani. Akashangaa. Si Mama Anyelwisye? Nikwambie jina gani tena?

Nimekata simu, nikakaa.

Simjui jina! Nimekaa ukuta mmoja na yule mwanamke miezi kumi. Nimekula kwake. Nimempa mtoto wangu amtie kifuani. Siku natoka hospitali nilimkuta Nasrin mashavu yamejaa, nikalia, nikamwambia Mama Anyelwisye sitakusahau. Kweli sijamsahau. Kilichonishinda ni kumwuliza jina.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Selemani kakaa mbele ya redio na mabwana shamba wake.

Nimeandika Mama Anyelwisye Rujewa. Nimepata mbegu za mpunga.

Nimeandika natafuta mama mmoja Mnyakyusa mnene mweupe kiasi anacheka sana. Hapana, sitaandika nilicholetewa. Wanaume wa mji huu wana matangazo yao.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimepanda mjini kwenye duka la Mzee Harilal la daftari na kalamu, kisingizio nakwenda kutoa nakala za kitambulisho. Mzee siku hizi anakaa tu kwenye kiti, kazi yote anafanya mkwewe, Sneha. Huyo binti ana kompyuta, anawatafutia watu fomu za vyuo, na hachoki. Kamwene, Mama Nasrin! Kihehe chake kizuri kuliko changu, na mimi nina miaka ishirini na tisa hapa Ipogolo, Iringa.

Nikamwambia kuna rafiki yangu anamtafuta mtu kwenye mtandao na hapati.

Akaniuliza huyo rafiki yako anaandikaje. Nikamwonyesha simu. Akasoma. Akasoma tena. Akaziba mdomo kwa dupata, ule mtandio wake. Nikamwambia cheka tu, mwanangu, rafiki yangu hayupo hapa.

Kisha akanifundisha, vizuri, bila dharau. Niandike hapa nisisahau. Usikisimulie. Kile hakisikii kisa, kinalinganisha maneno. Maneno machache, yale mazito tu. Ukitaka jina likae pamoja lisivunjwe, lifunge kwa alama za kunukuu, huku na huku. Usichotaka kiwekee kistari mbele, kinaondoka. Taja mahali.

La mwisho ndilo lililonichoma. Alisema mama, wewe unaandika maneno ya mtu anayetafuta. Andika maneno ya aliyeandika ule ukurasa. Huyo unayemtafuta hakuandika popote kwamba yeye ni mnene anacheka sana. Yeye angejiandikaje?

Nikamwambia hajiandiki, ni mama wa watu.

Akasema basi mtafute mtu wa karibu yake anayejiandika.

Anyelwisye! Mtoto sasa ana miaka thelathini. Nikataka kumlipa, akakataa, akasema mpe salamu rafiki yako.

Nyumbani nimejaribu kistari. Ziwa, kistari Nyasa, kistari Tanganyika, kistari Rukwa. Likaja Manyara. Nikalitoa Manyara, likaja Eyasi. Nchi hii ina maziwa jamani!

Jumatatu, 11 Agosti

Jina lenyewe limenishinda kuandika. Anieluisie. Anyeluisi. Kidirisha kikaniuliza kwa adabu kama nilimaanisha unyevu.

Nimekwenda kwa muuza ndizi wa Tukuyu pale sokoni nikamwomba aniandikie Anyelwisye. Akaniandikia kwenye mfuko wa kaki, kwa herufi kubwa, akanisomesha mbele ya wateja. Sye, mama. Siyo sie. Sye! Nikarudia mara tatu kama chekechea, na mkungu nikanunua ambao sikuuhitaji.

Njiani nimewaza jambo baya. Miaka kumi na moja nimechapa majina ya Wanyakyusa pale ofisini Mbeya. Vyeti, orodha, barua. Nikiyachapa kama nilivyoyasikia! Mwenye jina akija kulalamika namwambia ndivyo inavyoandikwa. Wangapi leo wanazungushwa na vitambulisho vyao kwa ajili ya vidole vyangu vya maneno hamsini kwa dakika? Wallahi nimejicheka mpaka nimeona haya.

Nikafunga jina: "Anyelwisye Saulo". Wakaja watatu. Mmoja golikipa, kijana wa sekondari. Mmoja muuguzi wa kike Dodoma, na wetu alikuwa wa kiume, nilimwona kwa macho yangu akikojolea ndoo yangu. Wa tatu tangazo la msiba la mwaka 2011. Nikasoma: bwana wa miaka sabini. Nikafurahia kifo cha mzee wa watu. Mungu amrehemu, nami anirehemu.

Jumanne, 12 Agosti

Nasrin amekuja. Jumanne! Saa moja jioni, hana hata begi. Kasimama mlangoni na viatu.

Akasema mama, ndugu wa kunyonya ni nani?

Sikujua. Hii simu, alipoiwasha mara ya kwanza, aliiwasha kwa barua pepe yake. Kumbe ninachokiandika huku kinaandikwa na kule kwake! Alikuwa kwenye ofisi ya walimu anaandaa somo la kidato cha pili, maziwa ya Bonde la Ufa. Akaandika ziwa. Chini yake yakashuka yangu, moja baada ya jingine, na mwalimu mwenzake anachungulia begani. Ziwa moja kuoana. Kuoana kwa dharura. Faida za kuoa.

Nilijidhani jasusi. Nilikuwa nafuta hata jasho kwenye kioo cha simu asijue. Kumbe wiki nzima nampigia kelele sikioni.

Nikamweleza. Yote, tangu birika. Alisikiliza amesimama. Sikuwahi kumwambia hata kwamba alinyonyeshwa na mtu, na sasa nilipomwambia ilinitoka kama nakiri wizi. Nilifikiri atalia. Hakulia. Akasema una siku tisa unajua. Siku tisa Anwari ananipigia kila jioni tunapanga majina ya watoto, na wewe unajua.

Nikasema nilikuwa natafuta njia.

Akasema sasa akinipigia leo nimwiteje? Kaka?

Akaingia chumbani. Selemani akauliza kwa sauti kubwa kuna nini, hakuwa amesikia chochote. Nikamwambia lala.

Mimi ndiye mama. Kazi yangu ilikuwa moja, kumwambia.

Jumatano, 13 Agosti

Hajala. Simu yake inaita, anaigeuza kifudifudi.

Ijumaa, 15 Agosti

Baada ya swala tumekwenda kwa ustadhi, sisi wawili. Nilimwomba Nasrin afiche uso kwa aibu yangu mimi, akaniangalia tu.

Ustadhi hakupindisha. Alisema kile kile alichosema shehe mzee wa kwenye simu, ila huyu alikuwa anatutazama machoni, na ni tofauti. Tano za kushiba, ni kaka yako wa haki, utamwonyesha nywele zako lakini hutaolewa naye. Chini ya hapo, nikaha mimi mwenyewe nitaifungisha. Akasema msikisie. Mtafuteni aliyenyonyesha, yupo hai, aseme.

Nikauliza na kama amesahau? Akasema ukimwuliza vizuri atakumbuka. Nikahisi ananisema.

Kutoka nje Nasrin amezungumza nami kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Alisema lete hiyo simu.

Jumapili, 17 Agosti

Tumempata!

Tulikaa kitandani kwangu, Nasrin na simu, mimi na mdomo. Alikuwa na Anwari kwenye laini kabla ya hapo, amemwambia. Sikuuliza alisemaje. Macho yake mekundu, ila vidole vinakwenda.

Akaniuliza kama Sneha alivyoniuliza. Huyo Anyelwisye angejiandika wapi? Kwao walikuwa watu wa nini?

Nikafumba macho nirudi Sokomatola. Nini kilikuwa kinaniamsha? Kuimba! Yule mama alikuwa akifua anaimba, na mumewe anaitikia kwa besi toka ndani, na sisi ukutani na misahafu yetu tunavumilia. Watu wa kwaya wale, Jumapili mpaka Jumamosi.

Nasrin akaandika: "Anyelwisye Saulo" kwaya Rujewa. Maneno manne. Tangazo likaja la kwanza kabisa: kwaya yao inatimiza miaka kumi na tano, mnakaribishwa, na chini mwalimu wa kwaya Anyelwisye Saulo, na namba ya simu.

Wiki mbili! Mpunga, dagaa, mabepari. Na jibu lilikuwa kwenye kile nilichokuwa nakisikia kila asubuhi nikikilaani.

Nikamkumbatia Nasrin. Akaniruhusu kidogo.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimepiga. Mwanamume mzima, sauti ya besi kama babake. Nikasema mimi ni Mama Nasrin wa Sokomatola. Hanijui, alikuwa wa mwaka mmoja. Nikamwuliza mama yupo? Yupo, mzima, yuko shambani. Baba alifariki. Nikampa pole.

Nikamwuliza samahani baba, mama jina lake nani?

Akasema Tusekile.

Nimeliandika kwenye mfuko wa kaki chini ya jina la mwanawe. Tusekile. Nikamwuliza maana yake. Akasema tumecheka. Tumefurahi, tumecheka, kitu kama hicho.

Tunakwenda Jumamosi. Sikumwambia kwa nini. Nilisema kusalimia.

Ijumaa, 22 Agosti

Nimefanya mazoezi ya kuuliza. Nisisimulie, maneno mazito tu. Anwari. Kuzaliwa Agosti tisini na tano. Mara ngapi. Alishiba?

Selemani amesema anaona tunapeleka kisu kwa mtu akachinje harusi. Nasrin akamjibu baba, kama ipo ya kuchinjwa ichinjwe na kisu kikali. Baadaye nimemsikia akijipigia pasi gauni lile la posa, analia kimya kimya, na mimi nimesimama koridoni na ndoo sijui niingie au nipite. Nimepita.

Sitaki achinjwe. Nataka hilo liandikwe mahali. Namtaka yule kijana awe mkwe wangu, namtaka na shangazi yake na maneno yake yote.

Jumamosi, 23 Agosti. Rujewa

Naandikia bafuni. Bafu la mabati, nyuma ya nyumba ya Tusekile, daftari juu ya goti. Tulipanda basi la alfajiri, saa tatu na nusu tukawa hapa. Joto, baada ya Iringa unavua sweta ukishuka tu.

Alikuwa amesimama barabarani anatungoja. Kazeeka, kapungua, lakini kicheko ndicho kile kile. Hakunisalimia mimi. Alimshika Nasrin mashavu kwa mikono miwili, akashukuru kwa Kinyakyusa, ndaga, ndaga, mwanangu. Mwanangu! Nasrin akaanza kulia hapo hapo barabarani, na mimi mama mzazi nikabaki nimeshika mkungu wa ndizi.

Nikamwita kwa jina lake. Dada Tusekile. Akacheka. Alisema leo nimezeeka ndipo naitwa jina. Na wewe je, Mama Nasrin, jina lako ulinificha? Nikasema Mwanahawa. Tukaangaliana kama watu wanaotambulishwa.

Akatuandalia chai na wali wa jana uliokaangwa. Anakumbuka kila kitu. Kanga niliyomwachia, ya njano. Nasrin alivyokuwa akigoma upande wa kushoto. Siku aliyokohoa usiku, na daktari aliyekuja, na alivyosema. Nikafurahi, nikajiambia mtu wa kumbukumbu hizi hatatuhangaisha.

Nikauliza. Nilijitahidi, kama nilivyofundishwa. Nikasema kabla yetu kulikuwa na mtoto mwingine, Anwari. Mama yake alikuwa na jipu. Akasema ndiyo, Anwari! Yuko wapi? Nikasema ulimnyonyesha mara ngapi?

Akaweka kikombe. Akamwangalia Nasrin, akaniangalia mimi. Akasema kwani kuna nini?

Nasrin ndiye aliyemweleza. Kwa maneno machache kuliko yangu yote ya wiki tatu. Anataka kunioa, nami namtaka. Kwa dini yetu, ikiwa alishiba kwako mara tano, ni kaka yangu.

Tusekile akauliza na ikiwa nne?

Nasrin akasema nne tunaoana.

Kuku waliingia mpaka ndani, Tusekile hakuwafukuza. Yeye ni Mmoraviani, haya ya kwetu hayamfungi, na nilimwona anayapima hata hivyo. Akaushika mkono wa Nasrin akaulaza kwenye paja lake. Kisha akanigeukia mimi, akauliza taratibu, kwa huruma kabisa, kama anayeniuliza ninywe chai ya rangi au ya maziwa:

Mwanahawa, mnataka niseme mara ngapi?

Nasrin aligeuka na yeye, akanitazama.

Nikasema naenda kutawadha. Adhuhuri bado saa nzima na nusu.

Wiki tatu nimebadilisha swali mpaka nipate jibu ninalolitaka. Sasa limekuja, limewekwa mezani, nichague. Lakini ninajua. Aliyenyonyesha mara mbili angesema mara mbili. Asingeniuliza; zimepita tano.

Maji yameshakwisha kwenye kopo, nimenawa miguu mara tatu. Nasikia hatua zinakuja. Nasrin anagonga bati. Anasema mama, toka, umeulizwa wewe.